Makame Haji Makame saba, kura moja, na kiti kilichokaa kitupu

Wakuu wa benchi za nyuma, assalamu alaykum.

Daftari limenifikia jana, limeshapita mikono kumi na moja na limepata doa la mchuzi ambalo hakuna anayelikubali. Kanuni mnaijua: anayelipokea anaandika kisa chake, wengine mnamwaga maoni chini ya mstari, kisha linaendelea na safari.

Nimevisoma visa vyenu vyote. Vyengine vina chumvi ya kukausha papa wawili. Hiki changu hakina hata punje. Yamenitokea, nlikuwepo kwa macho yangu, na baya kuliko yote nimelifanya mimi mwenyewe.

Mwalimu wa Hesabu akilikamata daftari, mimi sijui kitu. Mwandiko huu si wangu.

Haya, kaeni vizuri.

Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria mnaukumbuka, maana si zamani. Ule wa mwanzo kabisa, baba zetu wamepanga foleni tangu alfajiri kama wanaogaiwa pilau. Hapa mjini matokeo yalitoka siku ile ile. Waliofurahi wakafurahi, walionuna wakanuna, mambo yakaisha.

Kwetu hayakwisha.

Kwetu ni kaskazini, kijiji cha karibu na Mkokotoni. Jang'ombe nnakaa kwa shangazi tu kwa ajili ya skuli. Likizo narudi kwa Babu na Bibi, na nyinyi mnaoniita "mtu wa shamba" endeleeni, ila mkisikia kisa hiki mtatamani shamba lenu.

Waliogombea kwetu walikuwa wawili.

Wa kwanza ni Bwana Shaame, mfunga vidonda wa dispensari. Kila kovu la kijiji kile lina alama ya mkono wake, goti langu la kushoto likiwemo. Sheria ikasema mtumishi wa serikali hagombei, basi yeye akaacha kazi kabisa, akarudisha ufunguo wa dispensari, akaingia uwanjani.

Wa pili ni Bwana Ngwali, mwenye minazi. Mtu mwema. Kasoro yake akianza hotuba chai inapoa, inamwagwa, inapikwa nyengine, naye bado yuko kwenye bismillahi.

Kura zikahesabiwa. Bwana Shaame kashinda.

Kwa kura moja.

Zikahesabiwa tena. Moja. Zikahesabiwa mara ya tatu na mtu mwengine mwenye miwani. Moja ile ile.

Bwana Ngwali akapanda gari ya shamba, akateremka Darajani, akenda kumtafuta wakili. Wakili, Mhindi mmoja wa mjini, mtaratibu, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengi wenu humu, akaichukua orodha ya wapiga kura, akapitisha kidole. Kidole kikasimama.

Makame Haji Makame, amepiga kura.

Mstari wa chini yake: Makame Haji Makame, amepiga kura.

Wa chini yake tena.

Mara saba.

Wiki ile ile petisheni ikafika kortini: katika jimbo hili kuna mtu mmoja aliyepiga kura mara saba, au kwa uchache mara mbili, na mshindi kashinda kwa moja, basi ushindi ni batili, na asikalishwe kwenye kiti mpaka kesi iamuliwe.

Nyinyi wa mjini hapa mnashangaa. Ngoja nikufahamisheni.

Kwetu mtoto wa kiume wa mwanzo anapewa jina la babu yake. Haji anamzaa Makame, Makame anamzaa Haji, Haji anamzaa Makame, mpaka Kiama. Na si nyumba moja, ni kila nyumba. Simama sokoni Mkokotoni uite "Makame Haji!" utaitikiwa "naam" na nusu ya soko pamoja na punda mmoja.

Kwa hiyo watu wanatambuana kwa lakabu. Kila Makame ana yake. Lakini lakabu ina adabu zake: haitwi nayo mtu mbele ya uso wake. Inasemwa akishapinda kona. Mtu anaweza kuishi miaka sitini na lakabu asiyoisikia hata siku moja kwa masikio yake, ingawa anaijua, na anajua kwamba mnajua kuwa anajua.

Sasa nafika pale pangu.

Siku ya kuandikisha wapiga kura nlikuwa likizo. Karani kaja kutoka mjini, kijana, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Kaweka meza penye kivuli cha skuli, na mimi kwa kuwa najua kusoma na sina kazi, nikajikalisha pembeni yake bila kualikwa.

Makame wa kwanza kaandikwa. Makame wa pili kaandikwa. Wa tatu alipotaja jina, karani kavua miwani.

"Jamani," kaniuliza kwa sauti ya chini, "hawa ntawatenganisha vipi?"

Hapo, wakuu, mtu mwenye akili angenyamaza.

"Hilo dogo, Bwana Karani," nikamwambia. "Huyu ni Makame Kichana."

"Mbona hana nywele?"

"Ndiyo maana."

Akacheka, akaandika kwa penseli pembeni ya kitabu: Kichana. Nikaona tamu. Nikaendelea.

Makame Dira, aliyepotea baina ya Tumbatu na Mkokotoni mchana kweupe, na pahala penyewe ukipiga kelele upande huu unasikika ule.

Makame Nusu, mwenye nusu ya nyumba, nusu ya mtumbwi, na hadithi ambazo hajapata kuzimaliza.

Makame Pilipili, sina haja ya kueleza.

Makame Usingizi, aliyesinzia kwenye nikaha yake mwenyewe, akaamshwa aseme "nimekubali".

Makame Safu ya Kwanza, ambaye msikitini hajapata kuonekana safu nyengine, na tasbihi haimtoki mkononi. Hii ndiyo lakabu pekee ambayo mwenyewe anaipenda.

Akaja wa saba. Kanzu imepigwa pasi ya makaa mpaka inasimama peke yake. Kofia kaifua mwenyewe maana haamini mkono wa mtu. Babu yangu.

Karani akaniangalia. Penseli imeshakaa tayari.

Na mimi, mjukuu wa damu, nikamnong'oneza: "Kuku Wangu."

Sababu ya jina hili kijiji kizima kinaijua, nami nimelala nayo tangu utoto. Babu alipokuwa kijana, Ijumaa, khatibu yupo juu ya mimbari, watu kimya, hata kukohoa watu wanakohoa kwa aibu. Ghafla Babu kainuka karibu na dirisha kapiga ukelele: "Kuku wangu!"

Katikati ya khutba, wakuu. Wakati ambao ukimwambia mwenzio "nyamaza" umeshaharibu Ijumaa yako.

Jina limemganda tangu siku ile. Watoto waliokuwa hawajazaliwa wamezaliwa wakaambiwa. Babu akawa ndiye mtu wa adabu kuliko wote kijijini, hacheki ovyo, hasemi ovyo, na kuku hamli.

Basi karani kaandika. Kitabu kikenda mjini. Huko mjini kikapigwa chapa kwenye mashine, na mpiga chapa akayaacha maneno ya penseli kwa kuwa yalikuwa ya penseli. Wakabaki Makame Haji Makame saba wamepangana kama sahani za harusi. Karani kahamishiwa Pemba.

Umeona mambo yanavyotengenezwa?

Baraza likafunguliwa mjini. Magari, mabendera, watu na majoho. Viti vyote vina watu isipokuwa kimoja. Cha kwetu.

Bwana Shaame joho lake lilikuwa limeshashonwa, limetundikwa kwenye msumari. Kila Jumatatu anapanda gari kwenda mjini kuuliza, kila Jumatatu jioni anarudi. Akishuka tu, kina mama wa pale kituoni wanamwanza.

"Mheshimiwa, umeshakaa?"

"Bado, bibi zangu. Karibuni hivi."

"Haya, pole na kusimama."

Wamcheka, lakini wamcheka kwa kumhurumia. Dispensari keshapelekwa mtu mwengine, kijana anayewafunga watu bendeji kama anafunga mzigo wa kuni. Kwa hiyo wagonjwa wakawa wanakwenda kwa siri nyumbani kwa Bwana Shaame, naye anawafunga kwa vitambaa vya mkewe. Kazi hana. Kiti hana. Ana ushindi tu, na ushindi hautiwi chunguni.

Mwisho hakimu, Mzungu mrefu, mwekundu wa shingo, akasema kesi itasikilizwa Mkokotoni, maana mashahidi wote wako huko.

Siku hiyo mimi nikapata homa. Homa ya ghafla, mkuu wa skuli akanipa ruhusa, na kwa rehema za Mungu ilipoa gari ilipovuka mwisho wa mji.

Nilipofika, chumba kimejaa. Wanaume ndani, wanawake madirishani nje, Bibi yangu Bi Mize yuko dirisha la mbele kabisa kashika chuma kwa mikono miwili. Babu kakaa benchi la mashahidi na wenzake sita.

Mkalimani kasimama, kaita kwa sauti: "Makame Haji Makame!"

"NAAM!"

Saba kwa pamoja. Hakimu kalamu imemponyoka.

Upande wetu tukaona kesi imekwisha. Watu saba hawa hapa, mnataka nini tena? Lakini wakili kainuka taratibu, kajinyoosha koti.

"Mheshimiwa Hakimu, watu saba nnawaona. Lakini kina Makame huku hawaazimwi kwa shida. Swali ni kama ndio hawa walioandikishwa. Naomba kitabu chenyewe cha karani kiletwe."

Kitabu kikaletwa, na barua ya karani kutoka Pemba inayosema: ndiyo, penseli ni yangu, nliandika ili niwatambue.

Mimi, wakuu, nikasogea nyuma ya mgongo mpana wa jirani yangu.

Mkalimani, maskini, mtu wa mjini hajui hili wala lile, akaanza kusoma kwa sauti ile ile ya serikali. "Makame Haji Makame, anayejulikana kwa jina la Kichana."

Madirishani kikaanza kitu kama maji yanayochemka. Kina mama wameuma leso zao.

Mzee mmoja kainuka, kavua kofia kwa heshima, kipara kikang'aa. "Ndiye mimi," kasema, kwa sauti ya mtu anayekubali deni la Akhera.

"Anayejulikana kwa jina la Dira."

"Mimi. Lakini siku ile kulikuwa na ukungu."

"Hakukuwa na ukungu!" sauti kutoka dirishani.

Mmoja mmoja wakaitika. Nusu kaanza kujieleza, hakumaliza. Pilipili kauliza nani kaandika upuuzi huu, amtoe nje waonane. Mimi nikawa nachunguza sakafu. Sakafu nzuri sana, ya saruji. Usingizi ikabidi aguswe bega. Safu ya Kwanza kainuka na tasbihi yake, katabasamu kama anayepewa nishani.

"Makame Haji Makame, anayejulikana kwa jina la Kuku Wangu."

Hakuna aliyeitika.

Mkalimani karudia, na wa kumwonesha kwa kidole hakuna, adabu ya lakabu mnaijua. Babu kakaa, mgongo umenyooka, anaangalia ukuta kama kwamba ukutani kumeandikwa kitu cha maana.

Wakili kangoja, kisha kasema kwa upole: "Mheshimiwa, basi Kuku Wangu hayupo. Jina lipo, kura ipo, mtu hayupo. Naomba kura hiyo itolewe."

Kura ya Babu ilikuwa ya Bwana Shaame: itolewe hiyo, ibaki sare. Ikiwa sare, uchaguzi mwengine. Na Bwana Shaame hana kitu cha kugombea nacho uchaguzi mwengine, hata nauli ya gari siku ile kalipiwa na mkewe.

Hakimu akaahirisha wiki tatu.

Tukarudi nyumbani. Tumefika ukumbini, Bibi kaingia nyuma yetu anajifanya hajui.

"Imekuwaje huko?"

"Serikali inanijua," kasema Babu.

"Inakujua vipi?"

"Vibaya."

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake Bwana Shaame kaja mwenyewe. Kavua viatu mlangoni, kakaa mkekani, mtu aliyeshinda uchaguzi, anazungusha kofia mikononi kama mtoto aliyevunja gudulia.

"Shikamoo Mzee Makame."

"Marahaba."

"Mzee wangu, sikuombi makubwa. Ni maneno mawili tu useme mbele ya hakimu."

"Shaame," Babu kamjibu, "maneno mawili ndiyo yaliyonipoteza."

Bwana Shaame karudisha kofia kichwani. Kainuka. Kabla hajatoka kamwona Bibi na kidole kilichokatwa na kisu, akarudi akakaa, akakifunga vizuri, kisha ndo akenda zake.

Hapo nikaona siwezi tena. Nikamfuata Babu uani.

"Babu, aliyemwambia karani ni mimi."

"Nnajua."

"Umejuaje?"

"Bibi yako siku ya kuandikisha hakwenda. Mwengine mwenye mdomo kama huo kijijini hapa hakuna."

Nilitaraji bakora. Bakora ingekuwa afadhali. Kaniangalia tu, kisha kaendelea kufua kofia. Wakuu, kuna kofia inafuliwa kwa namna ambayo wewe ndiye unayesuguliwa.

Siku zikapita. Nikarudi skuli, nikapata homa nyengine zilipobaki siku mbili. Mkuu wa skuli kasema homa hizi zina kalenda. Nikamwambia ndiyo Sir, za msimu.

Nilipofika, Babu bado yuko pale pale: haendi. Usiku hakula. Asubuhi Bibi kaweka chai, kakaa mbele yake.

"Wewe kura ulipiga?"

"Nlipiga."

"Mimi nlipiga?"

"Nyinyi wanawake hamkuruhusiwa, Mize, unalijua hilo."

"Basi sisi tulionyimwa tumenyamaza kwa kunyimwa. Wewe uliyepewa wanyamaza kwa ajili ya kuku!"

Nimemsikia Bibi akilisema neno hilo mbele yake kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikasogea karibu na mlango, kwa usalama.

Babu kanywa chai yake yote. Kisha kanigeukia mimi.

"Yule wakili, mwisho kabisa, alisema nini?"

"Kasema hayupo, Babu."

"Nani hayupo?"

"We... yule. Wa saba."

"Na hakimu ataliandika hilo?"

"Kesho. Asipotokea mtu ataliandika, na litakaa kitabuni siku zote."

Kasukuma kikombe pembeni. "Nimelima, nimezaa, nimezika wazee wangu wote wawili kwa mikono hii. Kisha mtu ashuke kwenye gari aandike kwamba mimi sipo?"

Kainuka, kakamata pasi, kaanza kutia makaa. Bibi kaniangalia. Tukajua.

Siku ya kesi chumba kilikuwa kimejaa mpaka mbuzi wa watu wamefungwa mbali. Babu kaapishwa, mkono juu ya msahafu. Wakili kamkabili.

"Mzee, jina lako?"

"Makame Haji Makame."

"Unalo jina jengine?"

"Jina nlilopewa na wazee wangu ndo hilo."

"Sikuulizi ulilopewa na wazee. Nakuuliza kama unalo jengine."

Babu kautazama msahafu. Kusema uongo hawezi, na kweli haitoki. Nzi mmoja alikuwa anatembea juu ya meza ya hakimu, chumba kizima tunamsikia.

"Wananiita Kuku Wangu."

Hakuna aliyecheka. Watu wamejizuia mpaka wengine machozi yanawatoka.

Ingeishia hapo, wakuu, tungekuwa tumepata tulichokitaka. Lakini hakimu kamuinamia mkalimani, na mkalimani kasema: "Mheshimiwa anauliza, kwa nini?"

Jamani. Swali hilo hakuna mtu kijiji kile aliyepata kumuuliza Babu. Tunalijua jawabu, tutaulizaje?

"Ilikuwa Ijumaa," kasema Babu. "Khatibu yupo mimbarini. Mimi nimekaa penye dirisha. Nje namwona mtu anamkimbiza tetea wangu, wa madoa, ndiyo kwanza anataka kutaga. Kamkamata. Nikasema."

"Ukasema nini?"

"Nikasema: kuku wangu!"

Na kalitoa kwa sauti ile ile ya ujanani. Bwawa likapasuka. Wanaume wakaangukiana, madirishani vigelegele, Pilipili kacheka mpaka kavunja benchi mguu. Mkalimani kajaribu kumfasiria hakimu, kashindwa, kaanza tena, kashindwa. Hakimu shingo imezidi wekundu na mdomo kauficha kwa karatasi.

Babu kasimama tu. Kawangoja. Walipoishiwa, kasema:

"Mmemaliza? Mwacheka tangu mimi kijana. Katika nyinyi nyote hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama kuku alikuwa wangu kweli. Wala nani alimchukua."

Kicheko kikakatika.

Hapo wakili kafanya kosa. Nadhani hata yeye alitaka kujua tu, kama binadamu. "Nani alimchukua?"

"Makame Haji Makame."

"Mzee, huyo ni wewe."

"Mimi nlikuwa ndani ya msikiti, shahidi wangu ni msikiti mzima. Aliyekuwa nje anakimbia na kuku ni Makame Haji Makame mwengine. Huyu hapa."

Na kidole kikanyooka, moja kwa moja, kwenye benchi la mashahidi, mpaka kwa mzee mwenye tasbihi.

Safu ya Kwanza.

Punje za tasbihi zilikuwa zinakwenda, tik, tik, tik. Zikasimama.

"Tangu Ijumaa ile," kasema Babu, "huyu bwana hakai pahala pengine ila mbele kabisa. Watu mwasema uchamungu. Anakaa mbele ili asinione mimi."

Watu wote wamemgeukia. Mzee wa watu kaitia tasbihi mfukoni.

"Nlikuwa kijana," kasema.

Hakimu katikisa kichwa, kaandika. Kisha kamuuliza wakili kwa Kizungu, nami Kizungu hicho nlikifahamu bila mkalimani: je, Bwana Wakili bado anashikilia, kama petisheni yake inavyosema, kwamba hawa wawili ni mtu mmoja, ambaye Ijumaa moja, wakati ule ule, alikuwa ndani ya msikiti akipiga ukelele na nje akikimbia na kuku?

Wakili kakaa. Lakini alipokuwa anakaa kamuinamia Babu kidogo, kwa heshima, kama mchezaji bao aliyeliwa vizuri.

Petisheni ikatupwa.

Bwana Shaame kakalishwa kwenye kiti kikao cha tatu, wenzake wameshazoeana na wameshagombana. Waliokwenda kumtazama wanasema kakaa kutwa nzima hakusema neno na hakuinuka hata kwenda kunywa maji. Anaogopa akiinuka watamwambia subiri.

Na Babu? Mlidhani kaona haya? Basi sasa hivi ukipita nyumbani anakupigia kisa chenyewe, na ukelele juu. Ameongeza na mambo. Tetea wa madoa sasa ana ukubwa wa bata mzinga.

Ila mimi sikusalimika.

Siku ya pili baada ya hukumu wazee wote wamekaa barazani, Bwana Shaame yupo, kina Makame wapo, hata Safu ya Kwanza kaja, kakaa nyuma. Mimi napita zangu na ndoo ya maji. Babu kaniita. Si kwa jina langu. Kanitungia la kwake, maneno mawili, kalisema taratibu, likasikika vizuri na kila mtu.

Baraza zima likaanguka chini kwa kicheko. Pilipili kalirudia ili alionje.

Jina lenyewe silisemi, msijisumbue. Nililofahamu siku ile ni kwamba jina la namna hiyo ukiwa unampa mwenzio ni jepesi kama unyoya, ukipewa wewe unalibeba na ndoo ya maji juu. Nimewaandikisha watu saba kwa kucheka, na sikuwahi kumuuliza hata mmoja wao ilikuwaje. Nusu, kwa mfano: yule mzee aliuacha mtumbwi nusu ya kuuchonga, siku mwanawe alipozama baharini. Nimejua juzi. Kwa kumuuliza.

Basi nimesimama pale, wananiangalia, Babu anangoja. Nikatua ndoo.

"Naam, Babu."

Wakuu, uwanja wenu. Mwenye babu mwenye lakabu aandike hapa chini ya mstari, na aseme kweli: umeshapata kumuuliza mwenyewe, au unacheka tu pamoja na wengine? Na yule mmoja wenu mwenye jamaa Mkokotoni, ambaye najua keshalisikia jina langu, namwomba kwa heshima zote apitishe daftari kwa jirani yake bila kuandika kitu.